Mia ya Shangazi

Ko! Ndivyo kibao cha namba kilivyolia kila Shangazi alipokitundika kwenye msumari. Siku nyingine alikuwa fundi cherehani. Siku za mechi alitunza ubao wa pointi wa timu ya kikapu, tangu msimu ule wa kwanza wachezaji walipoanza kulipwa, wakafungwa mechi kumi na saba mfululizo.

Ubao aliutengeneza mumewe, seremala. Kila upande alipiga misumari miwili tu. "Hawa wafike mia?" alicheka. "Thubutu!"

Msimu wa tatu, dakika ya mwisho ya mechi moja, walikuwa na pointi tisini na nane. Mpira ukazunguka kwenye ringi, ukasita, ukatumbukia. Ukumbi mzima ukalipuka. Shangazi akatundika sifuri mbili, akabaki na kibao cha moja mkononi, hana pa kukiweka.

"Mama, mmeanza upya?" mashabiki wa wageni wakamtania. "Themanini zetu kwa sifuri yenu!"

Misimu mitatu Shangazi alikuwa akiingoja namba ile ionekane. Alipanda juu ya stuli, akakishika kibao kando ya zile sifuri, akasimama hivyo mpaka filimbi ya mwisho, akicheka peke yake. Wachezaji wakaja kumwimbia pale chini.

Mumewe akafika, akaishika stuli. "Nimekoma, mke wangu. Shuka basi, mechi imekwisha."

Shangazi akainama kidogo, akamnong'oneza, "Usinishushe kwanza. Bado wanaitazama mia."