Omena Uwanjani

Juzi niliwakuta watu wakichimba mashimo ya nguzo uwanjani, pale pale mwanangu anapochezea mpira. "Pole mama, hapa kuna mtu amenunua," mmoja akaniambia. Nikamnyang'anya jembe. Kando ya goli kulikuwa kumeanikwa omena, wale dagaa wa ziwani, na ile harufu ikanirudisha utotoni.

Siku moja nikiwa mtoto, timu yetu ya mtaa, vijana wavuvi na wa bodaboda, ilikuwa mbali ikicheza fainali ya taifa. Uwanja huu ulikuwa mtupu, kwa hivyo akina mama walianika omena mpaka katikati, kisha sote tukazunguka redio moja. Mechi ilipofika penalti, wingu jeusi likatokea upande wa ziwa.

"Mama, mvua! Omena!" nikalia. Omena ikinyeshewa inabaki chakula cha kuku, nasi hatukuwa na kitu kingine cha kuuza.

"Nyamaza wewe, kipa wetu anajipanga!"

Kipa akaudaka mkwaju wa mwisho. Mabingwa wa Kenya! Matone yakaanza, mama akarusha leso juu. "Acha inyeshe!" Halafu uwanja mzima, wazee kwa watoto, wakainama kuzoa omena huku wakiimba. Tuliokoa karibu yote. Mama alikaa chini kwenye matope, akacheka mpaka akalia.

Leo nimekuta nguzo zimeshasimamishwa, nikaenda kwa chifu nikasema mbele ya wazee: "Huu uwanja ni wa umma, haujawahi kuwa wa mtu. Nalalamika rasmi. Nguzo zing'olewe kabla watoto hawajatoka shule."