Sauti Iliyochujwa na Simu

Harufu ya lehemu ikiyeyuka hunirejesha mtaani Kibokoni, chumba cha mbele cha nyumba ya nyanya, ambamo Mjomba Athumani alikuwa akitengeneza redio za watu. Nilikuwa na miaka tisa. Mama, dada yake mjomba, alikuwa Maskati akifanya kazi za nyumbani, na kila Ijumaa baada ya sala alitupigia simu. Ijumaa moja mjomba, kwa kujifurahisha tu, aliunganisha waya wa simu na redio yake ya kaseti, akayanasa mazungumzo. "Safia, mwanangu, wasoma?" mama aliniuliza.

Wiki ile ile alishikwa na homa, akafa, akazikwa huko huko.

Matanga yalipokwisha, nyanya alitaka kumsikia mwanawe. Mjomba akaweka kaseti. Sauti ilitoka nyembamba, kama ya mtu aliyebanwa pua, na jina langu likasikika "Fafia". Nyanya alisikiliza hadi mwisho.

"Athumani, huyu siye Mwanakombo. Mwanangu alikuwa na sauti ya kifua."

Siku tatu mjomba hakugusa redio ya mtu. Alifungua ile yake ya kaseti, akachoma lehemu, akazungusha hiki na kile. Akiongeza besi, ukatoka mngurumo mtupu. Akipandisha sauti za juu, ikawa kama mafuta yachemkayo kwenye karai la viazi. Mama hakutoka.

"Simu huchuja sauti," akaniambia mwishowe. "Ya chini kabisa huikata, ya juu kabisa huikata. Hupitisha ya katikati tu, watu waelewane maneno."

"Basi irejeshe hiyo iliyokatwa."

"Haikuingia kwenye kaseti, mwanangu. Siwezi kurejesha kisichofika."

"Mwongo! Wewe hujui kazi!" Nikamtupia kaseti miguuni.

Hakunigombeza. Aliiokota, akaifuta kwa ncha ya kikoi, akageukia ukutani. Nikadhani amekasirika. Nilishakuwa mtu mzima nilipotambua kwamba zile siku tatu alikuwa akimtafuta dada yake, na mimi ndiye niliyemwambia hajui kazi. Kufikia hapo naye alikuwa kaburini. Sikuwahi kumwomba radhi.

Na sasa, nikijaribu kumkumbuka mama akicheka, au akiniita nije nile, sauti inayonijia ni ile ile nyembamba ya simu. Nyingine nimeitafuta kote kichwani. Siipati.