Mjukuu wa Muzee Moshi

Juzi mke wangu aliwasha jiko kwa kuni za gereviliya, hapa Kilibula, nami nikatoka mbio nimeziba pua. Alicheka mpaka akakaa chini. Nina watoto sita, ndugu zangu, lakini moshi wa mti ule bado unanitisha.

Hofu hiyo niliipata bondeni Ruzizi, nikiwa na miaka saba, wakati wa vita. Mvua ilikuwa imeacha tabia yake: inachelewa, inanyesha siku mbili, inapotea, na jua linachoma maharagi yakiwa bado na maua. Miaka michache nyuma Nyanya yangu alikuwa amepanda gereviliya katikati ya shamba, apate kivuli. Majirani walimcheka, maharagi na kivuli wapi na wapi. Lakini msimu ule ya kwao yalikauka, ya kwetu yakasimama. Hatukuwa na chakula kingine cha kungojea.

Ndipo wakaja watu wenye bunduki, wakitafuta kuni, panga mkononi. Nyanya hakulia wala hakupiga magoti.

“Mukate tu, batoto yangu,” alisema kwa upole. “Lakini moshi yake inamalizaka nguvu ya mwanaume. Mumuulize muzee yangu. Aliota ile moto mwaka moja, na leo minye niko na mutoto moja tu.”

Wote wakamgeukia Babu kwenye kiti chake, na majirani pia. Alikuwa mtu wa heshima, hata utani wa mashemeji hakuupenda. Alikohoa, akatazama miguu yake.

“Iko kweli,” akasema.

Waliangua kicheko, wakaenda kukata kwingine. Maharagi yakakomaa, tukala.

Tangu siku hiyo vijana walimwita Muzee Moshi. Mimi nilidhani ni cheo. Nilijitangaza kisimani, “Minye ni mujukuu wa Muzee Moshi,” nikashangaa kwa nini watu wanacheka. Babu alinisikia, akanipapasa kichwa tu.

Nilikuwa mtu mzima baba aliponionyesha, nyuma ya nyumba ya Babu, makaburi manne madogo. Ni ya ndugu zake baba, surua iliwachukua kabla sijazaliwa. Babu alikuwa amezaa watoto watano. Angewataja siku ile, heshima yake ingebaki. Aliwanyamazia wale wanne ili mimi nile.