Ufa wa Chumba cha Pasi

Walimwita Mama Pasi kwa sababu alikuwa dobi, na shati likitoka mikononi mwake lilikaribia kusimama lenyewe. Alipohamia na mumewe katika mtaa mpya, nyumba zote zikiwa pacha, kitu cha kwanza alichokichunguza ni jirani.

Jirani alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa maneno machache. Alimwaga kifusi uani kwake, akakishindilia, akapanga vitofali juu. Mvua za kwanza zilipoisha, ukuta wa chumba cha pasi ukatoa ufa kutoka kona ya dirisha hadi sakafuni.

"Ni huyo," Mama Pasi alimwambia mumewe. "Kainua ua wake, maji anatusukumia sisi."

"Umemwona?"

"Mtu anakusalimia huku anatazama pembeni. Unataka nimwone vipi tena?"

Tangu hapo jirani akifagia, anaficha kitu. Akimwagilia maua, anakusudia. Mkewe alipoleta shuka za kufuliwa, Mama Pasi alizikung'uta kwanza, asijue anatafuta nini.

Mvua iliporudi alichukua mwavuli, akatoka kumfumania. Akamkuta Mwalimu ng'ambo ya ukuta mfupi, suruali imekunjwa magotini, anamkodolea macho.

"Kumbe na wewe unanichunguza?" Mama Pasi akauliza.

"Nyumba yangu imepasuka, mama. Kifusi chote kile nilimwaga kwa sababu maji yalikuwa yanasimama. Nilijua yanatoka kwako."

Hakuna aliyemwamini mwenzake, kwa hiyo waliyafuata maji pamoja. Yalikuwa yanatoka barabarani. Mfereji wa mtaa ulijengwa juu kuliko viwanja vyao. Ukijaa, unamwagikia ndani, na maji yanalala kando ya kuta. Udongo wa pale ulikuwa wa mfinyanzi: ukilowa unavimba, ukikauka unasinyaa, na msingi unayumba nao.

Wakamwita msimamizi wa mtaa aje kuona. Alisema nyumba mpya zote hupata nyufa. Mama Pasi akamtazama miguuni: jua kali, na yeye kavaa buti za mvua.

"Baba, unapajua hapa panavyojaa," akamwambia. "Usitufanye watoto."

Mfereji ulichimbwa upya, chini zaidi. Mwalimu na mume wa Mama Pasi wakarundika udongo kando ya kuta, wakauteremsha kuelekea nje, maji yasirudi. Fundi akaziba nyufa.

Mvua iliyofuata Mama Pasi alitoka tena na mwavuli. Maji yalikuwa yanakwenda mferejini vizuri. Aliyatazama mpaka mvua ikakatika.