Washenga Walionivamia Jikoni Nikiwa na Mswaki Mdomoni

Nilitoka chumbani asubuhi na mswaki mdomoni, fulana imetoboka kwapani, nikakuta wanawake watatu nisiowajua wamesimama jikoni kwangu.

Mmoja anapitisha kidole juu ya rafu kutafuta vumbi.

Wa pili kafungua kabati, ananusa.

Wa tatu, mama mmoja mnene mwenye kilemba cha maua, kanikazia macho kuanzia utosini hadi kidole gumba cha mguu.

"Na huyu nani?"

Kabla sijatema povu, mama mwenye nyumba akadakia. "Huyu? Mpwa wangu!"

Mpwa? Jana yake tu mama huyo huyo alikuwa amenifukuza nyumba!

Ngoja nikupe mkanda wote.

Naitwa Ergash, kinyozi, hapa hapa mjini Margilan. Kibanda changu kiko karibu na lango la soko. Ukitaka kujua nani kanuniana na mkewe na nani kauza ng'ombe kimya kimya, wewe kaa tu kwenye kiti changu, habari zitakukuta. Mimi bila watu siishi. Nyumba isiyo na kelele naiona kama msiba.

Sasa, sisi wanaume wa mtaa tuna duara letu. Tunakutana kwa zamu, leo kwako, kesho kwa yule, tunakula na kupiga soga mpaka mbavu ziume. Kila mtu alishakaribisha.

Kasoro mimi.

Kila zamu yangu ikifika nina kisingizio. Mara naumwa tumbo, mara kafariki shangazi. Huyo shangazi wa watu nilishamzika mara kadhaa na bado yuko hai, anakula zabibu zake kijijini.

Tatizo lilikuwa jiko.

Nimepanga chumba na jiko kwenye ua wa Bi Hosiyat, mjane, anayeishi upande wa pili na binti yake Oydin. Jiko lenyewe ukiliona unaweza kulia. Kuta nyeusi kwa masizi ya miaka. Kabati mlango mmoja. Chini ya sinki kuna shimo ambalo panya walilitumia kama barabara kuu.

Kwa hiyo Bi Hosiyat aliposafiri kwenda mji wa Ferghana kumuuguza dada yake, nikasema ni sasa.

Hela sina. Lakini kila mtu ana nywele, au siyo?

Fundi vigae nikamnyoa, akanipa vipande vilivyovunjika, nikavipanga nyuma ya sinki kama maua. Muuza zabibu nikamnyoa yeye na wanawe, nikapewa masanduku ya mbao. Nikayapiga msasa, yakawa rafu. Jirani aliyepaka geti lake alibakiza rangi, nikamaliza nayo kabati. Mfumaji wa hariri akanipa mabaki ya kitambaa chetu kile cha rangi za kuwaka, nikashona pazia la chini ya sinki. Panya wakahama wenyewe, nadhani walijiona hawajavaa vizuri.

Masizi niliyasugua kwa magadi na maji ya moto mpaka kucha zikalainika. Kisha chokaa, na ndani ya chokaa tone la buluu ya kufulia, ukuta ukang'aa kama theluji ya asubuhi.

Bi Hosiyat akarudi. Akasimama mlangoni. Akapitisha macho ukutani mpaka kwenye rafu.

"Mama, si limependeza?"

"Limependeza," akasema, "na ndicho kinachoniuma! Nani kakupa ruhusa? Leo umepaka ukuta, kesho utaniambia nyumba ni yako. Ijumaa usiwepo hapa!"

Nikajieleza, wapi. Mlango wake ukafungwa puu.

Ndipo asubuhi iliyofuata nikakutana na wale watatu.

Nikaelewa haraka. Washenga. Wamekuja kumwangalia Oydin. Na washenga wa kwetu hawapigi hodi wiki moja kabla, wanakuja ghafla makusudi, wakukute ulivyo. Wanakagua jiko kuliko wanavyokagua uso wa binti.

Na jiko la Bi Hosiyat mwenyewe dari lake linadondosha udongo kwenye chai. Kwa hiyo kawaleta kwangu.

Oydin kasimama kando ya jiko la gesi, kashika birika kama mtu aliyepewa nyoka. Huyu binti ni mfamasia wa duka la dawa, kichwa kinachemka. Lakini kupika? Mtaa mzima unajua yai linamshinda.

Bi Hosiyat akanivuta pembeni kwa kiwiko.

"Nisitiri, mwanangu," akanong'ona. "Sema jiko katengeneza Oydin. Ukinisitiri, hapa huhami."

Huhami! Neno tamu hilo. Nikasukutua mdomo, nikavaa shati, nikaingia kazini.

"Binti," yule mnene akauliza, jina lake Bi Tursunoy, mama wa kijana anayetafutiwa mke. "Masizi ya zamani hayatoki kirahisi. Uliyatoaje?"

Oydin akaangalia dari.

"Magadi!" nikadakia. "Na maji ya moto. Nilimwona kwa macho yangu, mama, anasugua huku anaimba."

"Na rafu hizi?"

"Mikono yake hiyo hiyo! Huyu hakai bure. Ukimnyima kazi anaumwa."

Bi Tursunoy akawaangalia wenzake. Uso ukaporomoka kidogo.

Nikajiambia, Ergash, sifa hazijakolea. Ongeza chumvi.

"Na jikoni hatoki! Ukimtafuta, yuko jikoni. Hakubali mtu mwingine ashike mwiko. Na pilau yake sasa? Mama, naapa, wapishi wa harusi wanakuja kumuuliza siri!"

Uso wa Bi Tursunoy sasa ulikuwa kama wa mtu aliyepewa bili ya hospitali.

"Pilau," akarudia taratibu. "Na hakubali mtu ashike mwiko."

"Hata kidogo!"

"Basi. Twendeni, dada zangu."

Wakainuka. Mkate uko mezani, hawajaugusa. Chai haijanywewa. Bi Hosiyat kafunika mdomo kwa pembe ya kilemba, machozi yanamlengalenga. Mimi nikaanza kuhesabu vitu vya kufunga Ijumaa.

Bi Tursunoy kashavaa kiatu kimoja mlangoni, Oydin akaweka birika chini kwa kishindo.

"Mama, subirini. Huyu siyo binamu yangu. Ni mpangaji, kinyozi, na jiko katengeneza yeye. Mimi sijapaka hata doa. Kupika sijui. Juzi nimeunguza birika."

"Birika linaunguaje?" akauliza mwenzake mmoja.

"Nilisahau maji."

Bi Hosiyat akakaa chini kama gunia.

Bi Tursunoy kasimama na kiatu kimoja. "Hupiki kabisa?"

"Kabisa."

"Hata kupenda hupendi?"

"Harufu ya kitunguu mkononi tu inaniudhi."

Bwana wee, yule mama akakaa pale pale kizingitini akacheka mpaka kilemba kikamlegea.

"Sikieni," akasema akijifuta macho. "Mwanangu Hikmat ndiye anayepika pilau za harusi. Ana sufuria unayoweza kumwogeshea ndama. Hataki mwanamke asogelee moto wake. Uchumba wa kwanza ulivunjika kwa sababu binti alimwambia kakata karoti za pilau nene mno. Mimi niliyemzaa nimefukuzwa jikoni kwangu! Na kila nyumba tukienda tunaonyeshwa mpishi. Kijana huyu aliposema binti hakubali mtu ashike mwiko, nikaona vita hivi hapa."

Akanigeukia mimi. "Wewe mwenye mdomo, ulikuwa karibu kunirudisha nyumbani mikono mitupu."

Nikaangalia vidole vyangu vya miguu.

"Lakini mimi nina neno," Oydin akasema. "Nimwone kwanza. Na nile pilau yake. Ikiwa mbaya, sitaki."

Wakarudi ndani, chai ikamiminwa. Kidogo kidogo kwenye vibakuli vya chai, kama mgeni wa heshima anavyomiminiwa kwetu. Nimemimina mimi, maana Oydin angemwaga.

Alimwona Hikmat. Akala. Sahani ya pili kaiomba mwenyewe, bila haya, na mkate ukavunjwa kati ya nyumba mbili, ndiyo ishara ya kwetu kwamba posa imekubaliwa.

Ijumaa nikafunga nyembe zangu na godoro. Bi Hosiyat akanikuta mlangoni, mikono kifuani.

"Safari ya wapi?"

"Mama, ulisema Ijumaa. Na sikukusitiri, aliyeokoa jahazi ni Oydin."

"Hukunisitiri, ulitaka kumharibia mwanangu ndoa! Ndiyo maana huendi popote. Wakwe wanakuja, na jikoni kwangu udongo unaanguka kwenye chai. Rudisha godoro ndani, ushike brashi."

"Sawa, mama."

"Na safari hii rangi nachagua mimi."

Kachagua pinki. Nimepaka. Linatisha, lakini nipo, na zamu yangu ya duara ikifika, shangazi hafi tena.

Basi ndugu msomaji, ukimpigia mtu debe, uliza kwanza mnunuzi kaja kutafuta nini. Mimi nilinadi mwiko kwa mama aliyekuja kutafuta amani nyumbani kwake.

Na wewe mpangaji mwenzangu, kabla hujachovya brashi, gonga mlango wa mwenye nyumba.