Alute na Sahani ya Donya Remedios

KAONGEA! Jamani, Alute kaongea Kihispania! Tena sio kile cha habari yako, mimi naitwa fulani. Kihispania chenyewe, kinachotiririka, kuanzia maharage yanabandikwa jikoni mpaka kuku wanaingia bandani, hajakwama hata mara moja. Mtu wa Ilongero huyo, kakulia kwenye mtama na ng'ombe, leo kakaa kwenye kigoda huko Meksiko anamwaga lugha ya watu kama kanyonyeshwa nayo!

Katika masomo yake yote hakuna siku nzuri kuipita ile. Na katika maisha yake yote hakuna mbaya kuipita hiyo hiyo. Subiri, utaona.

Alute Mughwai alikuwa mrina asali. Mizinga yake ya magogo ilining'inia kwenye miti toka Ilongero mpaka huko porini, na nyuki walikuwa hawamfanyi kitu, watu wakasema ana dawa. Hana dawa wala nini, alikuwa mpole tu. Mpole kupitiliza. Hiyo ishike, ndiyo iliyomponza.

Ilikuwa miaka ya sabini mwanzoni, enzi za ujamaa, kila mtu ndugu fulani, kila wiki mkutano. Mapadre wakatafuta watu wawili wa mkoa wa Singida wakasomee ufugaji wa nyuki Meksiko, halafu warudi wafundishe vijijini. Ila chuo cha kule kinafundisha Kihispania tupu. Kwa hiyo kwanza ujifunze lugha, ukiiweza ndio uingie chuo, ukimaliza chuo ndio urudi kwenu. Ukiwahi lugha umewahi nyumbani. Ukichelewa, shauri yako.

Alute alichukuliwa. Wa pili alikuwa Isaka, Mnyiramba wa Kiomboi, mtu ambaye mdomo wake haujui kupumzika.

Sasa huyu Alute alikuwa na mama yake, Mama Cecilia. Mjane. Watoto wawili tu, Alute na dada yake Selina aliyeolewa na Laurenti hapo hapo jirani. Mama miguu ilishavimba, kifua kinabana, akitembea toka mlangoni mpaka zizini anapumzika njiani. Alute akataka kukataa safari. Mama akamwita ndani, akamwambia kwa Kinyaturu, taratibu:

"Nenda baba. Usikae hapa kuhesabu pumzi zangu. Ila usikawie. Udongo wa kwanza juu yangu uwe wa mkono wako. Wewe ndiye mwanaume niliyemzaa, sina mwingine."

"Nitawahi, mama."

"Umesema."

"Nimesema."

Basi. Hiyo ndiyo ahadi aliyoondoka nayo. Lori likamshusha njia panda ya Mkiwa, akapata jingine mpaka Itigi, akapanda treni, huyo Dar, huyo kwenye ndege. Kitu alichokuwa anakiwaza ni kimoja tu: niwahi.

Meksiko wakapokewa na padre mmoja mwenyeji, akawapa vyumba. Akawaambia hapa mjini kuna shule za Kihispania kadhaa, mtaangalia wenyewe inayowafaa, mkiamua mniambie. Yaani wameachiwa wachague kama watu wanachagua mbuzi mnadani.

Kesho yake wakaanza na ya karibu. Shule yenyewe ni nyumba ya bibi mmoja anaitwa Remedios. Kule mama mtu mzima wa heshima wanamwita Donya, kwa hiyo Donya Remedios. Ua wa vumbi, benchi mbili, kuku wanapita katikati ya darasa. Alute akainamisha kichwa kama anavyosalimia wakubwa kwao. Bibi akafurahi, akawakalisha, na kabla hawajauliza chochote akaleta maji ya kunawa. Mara chakula. Chapati za mahindi, maharage, na mboga ya mpungate, ile mimea ya miiba, imekatwakatwa ikapikwa. Alute akachovya. Ikavutika! Jamani, ikavutika kama mlenda wa nyumbani! Akaangalia chini, macho yamejaa machozi, akala mpaka akafuta sahani.

Isaka yeye akala sahani mbili.

Kutoka hapo wakaenda shule ya pili, barabara kubwa, ghorofa. Mashine za kuvaa masikioni, mwalimu kijana kavaa tai, anaongea Kiingereza kidogo. Akawahakikishia: hapa kabla mahindi hayajakomaa mtakuwa mnaongea, mnaenda chuo.

Isaka akapiga makofi. "Ndugu Alute, tumemaliza. Hapa hapa."

Alute akageuka kuangalia barabara waliyotokea.

"Nini tena?"

"Tumeshakula kule."

"Kwa hiyo?"

"Unakulaje kwa mtu halafu unakwenda kufikia kwa jirani? Si umemwambia chakula chake kibaya?"

Na hapa uelewe, Alute hakuwa anatania. Kwao mgeni haulizwi shida yake mpaka ale kwanza. Na ukiwa unatafuta mahali pa kufikia, ukanawa mikono kwenye nyumba, umeshafika. Ukiondoka hapo ukaenda nyumba ya pili, habari inakutangulia kijiji kizima, na mwenye nyumba aibu yake haiishi leo wala kesho. Alute alikuwa amelelewa hivyo, na ndege haikumbadilisha.

Isaka akacheka mpaka akashika ukuta. "Mnyaturu wewe! Mimi nimekula, nimeshukuru, nimeondoka. Tumbo langu halijaweka saini popote! Mama yako anakungoja, wewe unamwonea aibu bibi wa maharage?"

"Yule bibi hana mwanafunzi hata mmoja, Isaka. Umeona benchi zake?"

"Nimeona. Na wewe ungejiuliza kwa nini hana."

Lakini wapi. Isaka akaingia ghorofani, Alute akarudi uani kwa kuku.

Isaka alikuwa amesema kweli. Donya Remedios alifundisha kwa mwendo wa kinyonga. Hana kitabu. Leo kijiko. Kesho kijiko kiko wapi. Keshokutwa twende sokoni tukanunue kijiko. Akichoka anasinzia, Alute anakaa anamfukuzia nzi. Mahindi yakakomaa, yakavunwa, Isaka akaingia chuo cha asali, Alute bado yuko sokoni na kikapu. Alitamani kuhama, usiku na mchana. Kila asubuhi anatoka chumbani kasema leo namwambia. Akifika mlangoni anakuta bibi keshamwekea sahani, kaifunika na kitambaa. Anakaa. Anakula. Siku imeisha.

Na kila akila anamwona mama yake anatembea toka mlangoni mpaka zizini.

Siku moja wako uani wanachambua maharage, Isaka akatokea getini. Kofia kaivua, kaishika kwa mikono miwili. Alute alipoona tu Isaka hajaanza na kejeli, maharage yakamwagika.

"Kaka," Isaka akasema. Hajawahi kumwita kaka. "Padre kapata habari toka nyumbani. Keti kwanza."

"Sema nimesimama."

"Mama ametutoka. Wameshazika. Selina anasema hakuteseka mwishoni, alilala tu."

Alute hakulia. Aliuliza swali moja. "Nani alianza kumwaga udongo?"

Isaka akaangalia chini. "Shemeji yako, Laurenti."

Isaka akakaa naye, ikafika saa ya darasa chuoni, Alute mwenyewe akamwambia nenda. Donya Remedios alikuwa haelewi Kiswahili, kaona tu sura. Akabandika maharage yaliyobaki, akavuta kigoda chake karibu, akauliza kuna nini.

Basi ndiyo ikawa ile siku. Alute akafungua mdomo na Kihispania kikatoka. Kikatoka chote! Miguu iliyovimba, zizi, mtama, lori la Mkiwa, umesema nimesema, vyote. Maneno ya sokoni, maneno ya jikoni, maneno hata hakujua anayo, yakaja yenyewe yamepangika. Bibi hakumsahihisha hata neno. Na Alute akafika mpaka pale alipokuwa anapakwepa kila asubuhi, akamwambia kwa nini hakuhamia kule ghorofani.

Donya Remedios akaweka mkono mdomoni.

"Kwa ajili ya ile sahani?"

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, mimi nampa chakula kila anayegonga hapa. Hata anayeuza sabuni. Ungeniambia una mama mgonjwa, ningekushika mkono nikupeleke kule mwenyewe."

Kuku wakaingia bandani. Bibi akapakua, akamwekea mbele yake kama kawaida, na kwa mara ya kwanza Alute hakula.

Aliingia chuo, akamaliza, akarudi. Kurudi kwenyewe kulikuwa hakuna haraka tena. Akakuta Ilongero sio ile. Operesheni ya vijiji vya ujamaa ilishapita, watu wamehamishiwa kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zimepangwa mstari. Boma la kwao limebaki mahame, paa limeshuka, zizini pameota majani. Selina akampeleka kaburini, hapo hapo nyuma ya boma, peke yake porini. Alute akaokota udongo kwenye kiganja, akaumwaga juu ya nyasi. Upepo ukachukua nusu.

"Umechelewa, kaka," Selina akasema. Sio kwa ubaya. Alisema tu.

"Nilikuwa nakula," Alute akamjibu, na Selina hakumwelewa.

Akaishi kijiji kipya, akafundisha watu mizinga ya masanduku. Kihispania hakuwa na wa kuongea naye ila Isaka, akija mara moja moja toka Kiomboi. Watu wakampenda kwa asali, ila kuna jambo moja walimsema mpaka anazeeka. Ukienda kwake, unasimama mlangoni. Hakuletei maji ya kunawa. Anakuuliza kwanza: "Unakwenda wapi? Nani anakungoja?" Kama una safari anakusindikiza mpaka njiani, na tumbo lako tupu. Kama huna mtu anayekungoja, hapo ndio anaita, leteni chakula. Kwa Wanyaturu hiyo ni aibu kubwa. Wakamwita mchoyo. Watoto wakakua wanajua Mzee Alute ni mchoyo, na siku ya msiba wake kuna waliolisema hilo hilo huku wanakula.

Isaka alikuwepo, mzee na fimbo yake. Alisikia. Akasukuma sahani pembeni, akasema, "Yule alikuwa anaogopa kuwachelewesha," akachukua fimbo yake akatoka.

Hakuwa mchoyo. Tafadhali mtumie mwingine naye asome, hasa kama ana ndugu Ilongero.