Kimya ndani ya boila

Saa moja asubuhi, Lidcombe, Australia, Mei 2021. Baridi ya Sydney imeanza kuuma, na Rodrigue Mirindi amepiga magoti mbele ya tundu la boila, tangi kubwa la kuchemshia maji ya mvuke, kofia ngumu kichwani, mkanda wenye kamba kifuani. Anaingiza mkono ndani, anautoa. Anauingiza tena.

"Imepoa," anamwambia mwenzake, Gloriose Nduwimana. "Imepoa kabisa."

"Basi ingia, Papa Mirindi."

Haingii.

Kiwanda hiki hufua mashuka ya hospitali, na karibu kila kitu humu huendeshwa kwa mvuke, hadi kupasha joto jengo lenyewe. Kila mwaka kabla ya baridi kali ya Juni, maboila mawili huzimwa kwa zamu. Maji humwagwa, vali hufungwa kwa kufuli, kisha mtu huingia kukwangua ukoko wa chumvi ulioganda kwenye mabomba. Mtu huyo ni Mirindi, mzaliwa wa Uvira, Kongo. Gloriose, Mrundi aliyekulia kambini Tanzania, hukaa tunduni na kushika kamba.

Ndani hamna hata nafasi ya kugeuka, na aliye nje hamwoni vizuri aliye ndani. Kwa hiyo walijiwekea utaratibu wao. Mirindi huimba nyimbo za kanisani muda wote. Akinyamaza, Gloriose anavuta.

"Sauti yake mbaya, nakwambia ukweli," ananiambia Gloriose akicheka. "Lakini nilikuwa naipenda hivyohivyo."

Ikaja korona. Mei mwaka jana uongozi ulipiga marufuku kuimba kazini, eti mate yanabeba ugonjwa. Mirindi akaambiwa awe anagonga chuma kwa nyundo. Mashuka ya wodini yalikuwa yamerundikana hadi mlangoni, kila mtu ana haraka, na boila haikuachwa ipoe vizuri.

Joto likamzidi. Akazimia humohumo.

Nje, Gloriose aliendelea kusikia ko, ko, ko, akatulia. Kumbe lilikuwa bomba la boila ya pili, iliyokuwa ikifanya kazi. Mvuke ukikutana na maji yaliyotuama, bomba hugonga lenyewe.

"Nikajiuliza, leo Papa hapumziki? Hakohoi hata?" anasimulia, machozi yakimlengalenga. "Nikamulika tochi. Naona miguu, haichezi. Mungu wangu! Nilipiga yowe kiwanda kizima kikaja. Tulimvuta kama gunia."

Kuimba kuliruhusiwa tena. Hofu haikuondoka. Mpaka leo Mirindi halali mlango wa chumba ukiwa umefungwa.

"Mwanaume mzima, mke wangu Verdiane ndiye ananiachia mlango wazi," anasema. "Sioni haya. Niko na woga. Lakini nisipoingia leo, wataleta mtu wa nje, na mimi hapa nitakuwa sina kazi."

Msimamizi anachungulia, anatazama saa yake, anaondoka. Gloriose anavua koti.

"Lete huo mkanda."

"Mama Gloriose, hapana."

"Kibali cha kuingia ninacho, sijawahi kukitumia tu. Lete."

Wanabishana. Mwishowe Mirindi mwenyewe ndiye anayemfunga mkanda, anakagua kufuli za vali, anarudi kukagua tena. Visigino vya Gloriose vinapotelea tunduni, na wimbo wa Kirundi unaanza, hafifu, ukichanganyika na mkwaruzo wa chuma.

Mirindi ameishika kamba kwa mikono yote miwili. Namuuliza swali. Anasogeza sikio tunduni. Namuuliza la pili.

"Nyamaza kwanza, ndugu yangu. Siwezi kumsikia."

Ghafla wimbo unakatika. Mirindi anavuta kamba kwa nguvu zake zote.

"Weee! Utanivunja mbavu! Nameza mate tu!"

Mimi nacheka. Yeye hacheki.

Gloriose anapotoka, vumbi limemjaa hadi kwenye kope. Anapiga chafya, anaomba chai. Mirindi ndiye aliyelowa jasho, katika baridi hii, na vidole vyake vinakataa kuachia kamba. Namuuliza ana mpango gani mwakani.

"Mwakani naingia mwenyewe," anasema. "Mule ndani naogopa kufa, basi. Hapa nje nimeogopa afe mwingine. Sijui huyu mama aliwezaje, miaka yote hii."